Fomu ya Mtoto wa Yaya

Fomu imekaa ndani ya daftari langu siku sita. Ni karatasi moja, ina muhuri wa shule juu, na chini kuna mstari: sahihi ya mzazi au mlezi. Mtoto wa yaya wangu, msichana wa miaka 16, amechaguliwa kwenda kufanya mazoezi ya riadha kwa wiki tatu pamoja na wanafunzi wa shule nyingine. Mbio zake ni mita 1,500. Mama yake amekataa kutia sahihi.

"Baba yake alikimbia mpaka miguu ikakufa," aliniambia. "Na huyu munataka akufe? Mimi siwezi tia mukono pale." Halafu akanisukumia ile karatasi. "Wewe njo baba yake mudogo. Wewe njo ulisoma. Ukitaka, tia wewe."

Kwa Wakenya na wageni wengine watakaosoma hapa: yaya kwetu si msichana wa kazi za nyumbani. Kwetu Kivu Kusini yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, yule ambaye nguo zikimbana unavaa wewe, na unamheshimu hata siku mmegombana. Yaya wangu alifariki 2021, hapa Kakuma, kwa ugonjwa ambao daktari aliuandika kwa herufi tatu: MND. Ni ugonjwa wa neva za mwendo. Shemeji yangu anaamini mbio ndizo zilizomuua. Sikuweza kumbishia, kwa sababu kwa miaka mitatu mimi mwenyewe nimekuwa nikiamini jambo baya zaidi: kwamba aliyemkimbiza ni mimi.

Yaya hakujifunza kukimbia uwanjani. Tulipokuwa vijana kule Fizi alikuwa anabeba mizigo. Gunia la muhogo kutoka mlimani mpaka soko la kando ya ziwa, miguu mitupu, anaondoka jogoo la kwanza, anarudi usiku. Siku moja watu wenye silaha walimkamata njiani pamoja na wengine, wakawabebesha masanduku. Walitembea siku nne. Usiku wa nne mvua ilinyesha, walinzi wakajikunyata chini ya miti, naye akatupa sanduku akakimbia. Alikuwa akitusimulia huku anacheka: "Ile usiku hata swala angenipisha njia."

Tulifika Kakuma 2010. Kazi aliyopata ni mkokoteni. Alisukuma maji, kuni, matofali ya udongo, vitanda vya watu waliokuwa wakihama. Jua la Turkana mnalijua, sina haja ya kulieleza.

Mwaka 2015 watu wa taasisi ya Tegla Loroupe walikuja hapa kambini kutafuta wakimbiaji. Yaya alisimama pembeni akatazama vijana wakikimbia, wengine bila viatu. Mwaka uliofuata, kule Rio de Janeiro, timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki ilikuwa na wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa Wasudan Kusini waliokulia kambi hii. Mliokuwapo mnakumbuka. Kila mtaa ulianza kukimbia. Hata watoto waliotumwa dukani walikwenda mbio na kurudi mbio.

Yaya alikuwa karibu na miaka 40. Alijua yeye si wa Olimpiki. Lakini alikusanya vijana wa mtaa wetu, na kila alfajiri saa kumi na moja, kabla jua halijaanza ukali wake, walikwenda kwenye mchanga wa laga. Mimi sikukimbia. Mimi nilikuwa mtu wa saa. Nilikaa juu ya ukingo na simu mkononi, nikipiga kelele: "Ongeza! Yaya, unalala!" Alikuwa akipita mbele yangu jasho likimwagika, ananionyesha ngumi, anacheka.

Mwaka 2018 mguu wake wa kulia ulianza kuburuta. Ndala ilikuwa ikimtoka bila yeye kujua. Ulisikia mwendo wake kabla hujamwona: pa, shrrr, pa, shrrr. Hakuwa na maumivu. Nilimwambia mguu umelegea tu, na dawa ya mguu uliolegea ni mazoezi. Nilichukua dumu la lita 10, nikalijaza mchanga, nikamfungia kamba kiunoni alivute kwenye laga. Alilivuta miezi miwili. Kila wiki alikuwa dhaifu kuliko wiki iliyopita, na kila wiki nilimwambia aongeze.

Hilo la dumu sikuwahi kumwambia mtu.

Baadaye ilikuja mikono. Kikombe kilimponyoka. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada iliisha, pakabaki shimo. Alipokaa bila shati uliona misuli ya bega inachezacheza yenyewe chini ya ngozi, kama nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi. Halafu ulimi ukawa mzito, na waliokutana naye njiani wakasema amerudia pombe. Majirani wakagawanyika. Wengine walisema ni karuho, ile sumu ya kwetu inayoua polepole, kwamba kuna mtu alimwekea kwenye chakula. Wengine walisema ni wivu wa ndugu. Mzee mmoja alisema, "Hii inafanana na konzo." Nitamrudia huyo mzee.

Tulingoja rufaa miezi saba. Halafu kibali cha kusafiri, halafu basi, halafu foleni. Katika hospitali moja kubwa walimchoma sindano nyembamba kwenye misuli na kupima umeme wake. Daktari alikuwa kijana, na alikuwa na subira. Alichora kwenye karatasi. Akasema: ubongo na uti wa mgongo ni kama jenereta, misuli ni kama balbu, na katikati kuna nyaya. Nyaya hizo ni neva za mwendo. Katika ugonjwa huu nyaya zinakufa moja baada ya nyingine, na balbu isiyo na waya huzima hata kama ni mpya. Mgonjwa anasikia ukiguswa mkono wake, anafikiri, anakumbuka, lakini hawezi kusogeza. Mwisho nyaya za kumeza na za kupumua nazo zinakatika. Wengi huishi miaka miwili mpaka mitano tangu dalili ya kwanza. Kuna dawa inaitwa riluzole, ilikubaliwa Marekani tangu 1995. Inarefusha maisha kwa miezi kadhaa tu, haiponyi, na pale hawakuwa nayo.

Yaya aliuliza swali moja. Ilimchukua muda kulitoa. "Ni juu ya kukimbia?"

Daktari alijibu kwamba watafiti nao wanauliza hilohilo, na hawajamaliza. Wakati anajibu, Yaya hakuwa akimtazama daktari. Alikuwa akinitazama mimi.

Basi, shemeji aliponisukumia fomu, nilianza kusoma. Nafundisha darasa la sita kwa posho ya insentivu, kwa hiyo Kiingereza cha vitabu ninacho kidogo. Jioni nilikaa maktaba mpaka wafunge. Usiku nilinunua bando. Maneno yaliyonishinda nilimpelekea afisa wa kliniki ninayemfahamu, naye alinieleza akiwa anakula chakula chake cha mchana.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni majina, na majina yalinitisha. Lou Gehrig, mchezaji wa besiboli wa Marekani, alicheza michezo 2,130 mfululizo bila kukosa hata mmoja, kuanzia 1925 mpaka 1939. Alikuwa imara hivyo. Alifariki 1941 akiwa na miaka 37, na mpaka leo Wamarekani wengi wanauita ugonjwa huu kwa jina lake. Joost van der Westhuizen wa Afrika Kusini, aliyechukua Kombe la Dunia la raga 1995, alifariki 2017. Doddie Weir wa Scotland, raga pia, 2022. Rob Burrow wa Uingereza, raga tena, 2024. Nilizima simu usiku ule nikasema shemeji yuko sahihi, kazi imekwisha.

Lakini kesho yake darasani nilikuwa nafundisha hesabu, na mtoto mmoja akaniambia Kakuma watu wote wana bodaboda kwa sababu kila anayemwona barabarani ana bodaboda. Tulicheka. Halafu nikanyamaza. Mimi nilikuwa nimefanya kosa lilelile. Mchezaji maarufu akiugua, dunia inaandika. Mshona viatu akiugua, nani anaandika? Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa kiti cha magurudumu, alipata ugonjwa huu akiwa na miaka 21, naye anajulikana kwa vitabu, si kwa mbio. Majina peke yake si ushahidi. Inabidi kuhesabu na wale wasiougua.

Kuna waliohesabu. Italia, watafiti walichukua wachezaji 7,325 wa kulipwa wa ligi mbili za juu waliocheza kati ya 1970 na 2001. Kwa hesabu ya kawaida ya watu wa umri wao, ilitakiwa augue chini ya mtu mmoja. Waliugua watano. Hiyo ni zaidi ya mara sita. Nilipiga mstari chini ya namba hiyo. Halafu nikafanya hesabu ya kutoa, ile ninayowafundisha watoto: 7,325 kutoa 5. Wachezaji 7,320 hawakuugua. Namba zote mbili ni za kweli, na inategemea umeamka na moyo gani unaposoma.

Tena mpira si mbio tu. Kuna kupiga mpira kwa kichwa, kuna kugongana, na kule Italia waliuliza pia kuhusu dawa za kuongeza nguvu na sumu zinazopulizwa kwenye nyasi za uwanja. Kwa wachezaji wa mpira wa Marekani, ule wa kofia ngumu, walihesabiwa 19,423 na waliougua walikuwa 38, karibu mara nne ya kawaida. Hapo tena kuna vichwa vinavyogongwa. Utajuaje kama ni jasho au ni kichwa?

Jibu zuri kidogo nililipata Sweden. Kuna mashindano yanaitwa Vasaloppet, kilomita 90 juu ya theluji, watu wanateleza kwa mbao ndefu miguuni. Hakuna anayekupiga kichwani. Watafiti walifuatilia zaidi ya watu 212,000 walioshiriki kati ya 1989 na 2010. Wale wenye kasi kubwa kabisa walikuwa na hatari zaidi ya mara nne kuliko watu wasioshiriki. Lakini ukiwaondoa hao wa mbele na wale waliorudia mashindano mara nyingi, kundi kubwa lililobaki, wale wanaofika wamechoka wakiwa nyuma, lilikuwa na hatari ndogo kuliko watu wasioshiriki kabisa. Nilisoma mara tatu kuhakikisha sijageuza maneno. Walio mbele sana, hatari imepanda. Walio wengi, imeshuka.

Halafu Ireland, Italia na Uholanzi, utafiti uliotoka 2018 na wagonjwa zaidi ya 1,500. Hao waliuliza shughuli za maisha yote, za kazi na za burudani. Waliona hatari inapanda kidogo kidogo kadiri mtu alivyoutumia mwili wake. Na mwaka 2021 watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliangalia jeni. Waliona kwamba mazoezi makali ya mara kwa mara yana uhusiano na ugonjwa huu, na kwamba kati ya wagonjwa wenye kasoro ya jeni iitwayo C9orf72, waliofanya mazoezi zaidi waliugua mapema zaidi. Lakini wenyewe walisema wazi kwamba watu wengi sana wanaofanya mazoezi makali hawataugua kamwe.

Nilimpelekea afisa wa kliniki maneno hayo. Alitafuna, akafikiri, akarudi kwenye nyaya. "Unajua watu wanavyochomeka jiko la umeme kwenye waya mwembamba wa balbu?" Najua. Mtaa wetu uliwahi kuwaka moto hivyo. "Basi. Waya mnene unabeba jiko miaka yote, hakuna shida. Waya mwembamba unaungua. Jiko halikufanya waya uwe mwembamba. Na wengi wetu tuna waya mnene." Akaongeza kwamba kuna wanaofikiri tofauti: huenda kitu kilekile kinachompa mtu miguu ya kasi ndicho kinachomletea udhaifu wa neva, kwa hiyo hata angekaa kwenye kiti maisha yake yote, angeugua. Nikamuuliza, kwa Yaya ilikuwa ipi? Akasema kwa mtu mmoja hakuna mwanasayansi anayeweza kukuambia.

"Na kama mtu tayari ameanza kuburuta mguu," nikauliza, kana kwamba naulizia mtu mwingine, "halafu akafanyishwa mazoezi mazito miezi miwili?"

Aliniangalia. Alisema mguu ukishaburuta kwa ugonjwa huu, neva nyingi zimeshakufa zamani. Mazoezi mepesi hayamdhuru mgonjwa. Mazito yanamchosha bure. Lakini dumu haliuanzishi ugonjwa ambao umeshaingia.

Sikuwa nimetaja dumu kwake. Labda nilitaja bila kujua.

Sasa nimrudie yule mzee wa konzo. Nilikwenda kumuuliza kwa nini alisema vile. Konzo ni ugonjwa wa Kongo, jina lake limetoka kwa Wayaka wa Kwango na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika 1938. Unaletwa na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, kwa watu wenye njaa wasio na maharage wala samaki wa kula pamoja nao. Nao unashambulia neva za mwendo. Tofauti ni kwamba konzo inakuja ghafla, mtu analala mzima anaamka miguu imekakamaa, halafu inasimama hapo, haiendelei. Ya Yaya ilikuwa ikiendelea kila mwezi. Kwa hiyo haikuwa konzo. Lakini mzee alisema jambo ambalo nimelikuta pia kwenye maandishi ya madaktari: mara nyingi konzo inamwangusha mtu baada ya safari ndefu ya miguu au kazi nzito. Mwaka 2011 madaktari waliandika kwamba imetokea Kivu Kusini, kwetu, katika miaka ya vita, watu walipokuwa wanakimbia na hawana muda wa kuloweka muhogo siku zinazotakiwa.

"Munasoma mbio za Bazungu," mzee akaniambia. "Mizigo yetu nani anasoma?"

Nilirudi nyumbani na swali lake. Ni kweli. Katika tafiti nilizosoma waliulizwa watu wa theluji, wa raga, wa mpira, na wafanyakazi wa Ulaya. Hakuna aliyeulizwa: ulibeba gunia kwa miaka mingapi? Ulibebeshwa sanduku kwa bunduki siku ngapi? Ulisukuma mkokoteni wa madumu mangapi kwenye joto la nyuzi 38? Kama jasho kali lina sehemu katika kifo cha Yaya, basi jasho lipi? Kwenye laga alikimbia dakika 40 kwa siku, miaka mitatu hivi. Mizigo aliibeba zaidi ya miaka 20, kuanzia mtoto. Na mimi na shemeji tumekaa hapa tunazishitaki zile dakika 40, kwa sababu ndizo tulizoziona, na kwa sababu ndizo pekee ambazo angeweza kuziacha. Gunia hakulichagua. Sanduku hakulichagua. Mkokoteni ulikuwa chakula cha watoto. Katika maisha yake yote, kuutumia mwili kwa furaha yake mwenyewe ilikuwa ile alfajiri tu.

Kulibaki swali la damu. Afisa wa kliniki alinieleza kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi ana ndugu mwingine aliyeugua hivyo, na hapo ndipo familia inapaswa kuwa makini. Ile C9orf72 hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini ziko kasoro nyingine. Kipimo cha jeni hapa kambini hakuna. Akaniuliza: "Kwenu kuna mwingine aliyekufa hivi? Baba? Babu? Shangazi?"

Nilitaka kujibu, nikakosa. Baba aliuawa 1998 akiwa na miaka 41. Baba mkubwa aliuawa siku ileile. Shangazi alifia njiani. Ugonjwa huu mara nyingi unawapata watu waliovuka miaka 50. Kwetu waliofika miaka hiyo ni wachache mno. Nikamwambia: "Sijui kama ungewapata. Hawakupewa nafasi ya kuugua." Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaniambia pole.

Jumatano usiku nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa anachambua mchele. Nilianza na hesabu, mimi mwalimu. Nikamwambia katika nchi walizohesabu, katika watu laki moja, wanaougua kwa mwaka ni kama wawili. Hata hatari ikizidishwa mara mbili ni wanne. Nikamweleza Sweden. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama.

"Mimi sihesabu laki," akasema. "Mimi nahesabu mutu moja."

Hapo maneno yaliniishia. Ndipo nikamwambia habari ya dumu. Nikamwambia yote: kamba, mchanga, miezi miwili, ongeza, ongeza. Sikumtazama. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Nilijua," akasema. "Aliniambia zamani. Alikuwa anasema, mudogo wangu anafikiri ataniponyesha na mchanga. Alikuwa anaumia, alikuwa anakwenda tu. Alisema akiacha, wewe utaelewa kama iko mugonjwa ya kweli. Hakutaka uelewe haraka."

Tulikaa. Nje jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma. Kwa miaka mitatu nilidhani nilimburuta yeye, kumbe yeye ndiye alikuwa akinivuta mimi pole pole mpaka pale.

Binti alikuwa mlangoni, amesikia sehemu, sijui kubwa au ndogo. Akauliza, "Baba mudogo, na mie nitaipata?" Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna mtu anayeweza kuapa, lakini watu wengi sana wanaokimbia hawaipati, na kwamba baba yake si lazima awe aliipata kwa kukimbia. Akafikiri. Halafu akasema kitu ambacho hakuna kitabu kilichoniambia: "Lakini nikikaa hapa kila siku nabeba madumu mbili asubuhi, mbili jioni. Lita 20. Ile haiko mazoezi?"

Mama yake alicheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Halafu akajipangusa macho kwa kanga. "Tia wewe mukono," akaniambia. "Mimi sitatia. Lakini waambie pale: mutu asimufungie dumu. Akichoka, apumuzike. Na mguu ukivutika hata siku moja, arudi."

Ninyi mnaofanya kazi kwenye kliniki na mashirika, nawaomba jambo moja. Mtu akija kwenu na mguu unaoburuta au mkono unaodondosha vitu, na hana maumivu, msimwambie ni uchovu, na msimwambie afanye mazoezi kwanza. Mwandikieni rufaa siku hiyo. Haitamponya. Lakini itaipa familia yake jina la ugonjwa kabla haijaanza kutafuta mchawi, au mdogo wake wa kumlaumu. Nanyi majirani, mtu mwenye ulimi mzito si lazima awe amelewa.

Ijumaa alfajiri nilikwenda laga kabla ya shule. Binti alikuwa anakimbia na wenzake watatu. Nilikaa palepale ukingoni nilipokuwa nakaa, simu mkononi. Walipopita mara ya kwanza mdomo ulifunguka wenyewe, nikaufunga. Walipopita mara ya tatu alikuwa amechoka, akapunguza, akatembea. Nilisimamisha saa.

Fomu nimeipeleka. Chini ya sahihi kuna mahali pameandikwa "uhusiano na mwanafunzi". Nikaandika: baba mdogo.